Tuziangalie nyumba zetu nje kabla joto halijafika

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wa Dar. Joto la Desemba mpaka Machi linakuja na sisi tunawaza feni tu, nje ya nyumba hatugusi. Mwaka jana nilipanda juu ya bati nikakuta gata, ule mfereji wa maji ya mvua pembeni ya bati, limejaa majani ya mwarobaini yameoza, meusi tii, chini yake kutu imeshatoboa mpaka kidole kinapita! Jamani safisheni gata kabla ya vuli, geti lipigwe msasa na rangi ya kuzuia kutu, hasa nyie wa Kigamboni maana upepo wa chumvi unakula chuma haraka sana. Ukuta wa magharibi pakeni nyeupe, jua la jioni ndo linachoma. Na mwembe msiukate, kivuli chake kinapunguza joto, nawaomba.

Msomaji wenu, Mbagala