Asante, wewe uliyeacha maji barazani

Ndugu yangu wa mkokoteni, jina lako sikulijua, na uso wako sikuuona ila macho juu ya barakoa. Lakini sijakusahau.

Ilikuwa Mei 2020, ndani ya Ramadhani, serikali ilipoufunga Mji wa Kale hapa Mombasa. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Ikifika saa 1 jioni, kafyu. Cherehani yangu haikuwa na kazi tangu Machi, mama yuko kitandani na sukari yake, na bomba letu linatoa upepo mtupu.

Siku ya kwanza nilikwambia kupitia dirishani kwamba sina pesa. Ukajibu, "Mama, chukua maji, pesa tutazungumza." Ukashusha mitungi miwili ya lita 20, mmoja umezibwa kwa kipande cha nailoni, ukaipanga barazani, kisha ukarudi nyuma mpaka ukuta wa pili ndipo nifungue mlango. Ukaja kesho yake, na kesho yake tena. Baada ya alasiri tulikuwa tukisikia magurudumu kichochoroni, na wanangu, ambao shule hawakuiona hadi Januari 2021, wanaiacha redio na masomo yake wakimbilie dirishani kukupungia.

Tulipofunguliwa mwezi Juni nilikutafuta na pesa yako mkononi. Sikukupata.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Katika dua zake bado anakutaja: "yule kijana wa maji." Ahsante sana, ndugu yangu. Pesa yako nimeiweka. Pita uichukue, na futari utakula kwetu.