Malalamiko Kuhusu Waya wa Faiba Uliofungwa Kinyume cha Taratibu, Ngamiani, Tanga

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Huduma za Intaneti,
Tanga.

Juni 2025

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGWA VIBAYA KWA WAYA WA FAIBA WA NJE NA KUKATIKA KWA HUDUMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu ninayeendesha duka la steshenari Ngamiani. Kazi kubwa ya duka hili ni kuwasaidia watu kujaza maombi ya vyuo, ya mikopo ya wanafunzi na ya leseni za biashara kwa njia ya mtandao. Kabla ya kufungua duka nilikuwa fundi wa laini za simu kwa miaka mingi, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni mambo niliyoyashika kwa mikono yangu.

Huduma yenu dukani kwangu inakatika kwa sababu waya wa faiba, yaani wa uzi wa kioo unaopitisha mwanga, unaotoka nguzoni haukufungwa kama waya wa nje unavyotakiwa kufungwa, na karibu kila ninapolalamika hampeleki mtu kuutazama waya huo. Mnabadilisha ruta, mnaniagiza niizime na kuiwasha, au mnanijibu kwamba tatizo ni la mkongo wa baharini. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, watumiaji wa intaneti nchini tuliathirika na mimi sikuwalaumu, maana hilo lilikuwa nje ya uwezo wenu. Lakini taa nyekundu ya LOS inayowaka kwenye kifaa changu ina maana nyingine kabisa. Taa hiyo huwaka pale mwanga unaotoka kwenye mtambo wenu unaposhindwa kufika kwa mteja, na hata bahari yote ikose mawasiliano, mwanga wa kutoka mtambo wenu wa hapa mjini hadi dukani kwangu ungeendelea kufika. Mhudumu anayemjibu mteja mwenye taa nyekundu kwamba kuna tatizo la baharini hajamsaidia, na anachelewesha matengenezo.

Naomba nieleze kazi ilivyofanyika, kwa sababu hapo ndipo ulipo ugonjwa wote.

Mafundi waliotumwa na kampuni yenu waliuvuta waya kutoka nguzoni kwa kushika ganda lake, wakaupitisha katikati ya matawi ya mwembe wa jirani na kuulaza juu ya ukingo wa bati. Bunda la waya waliliweka chini likiwa limelala, wakawa wanauchomoa kwa pembeni badala ya kulizungusha, na kila mzunguko uliotoka ulitoka na msokoto wake. Fundi yeyote wa faiba anajua kwamba nguvu ya kuvuta inapaswa kubebwa na uzi wa chuma au nyuzi za uimarishaji zilizomo ndani ya waya, si na ganda wala na uzi wa kioo wenyewe. Anajua pia kwamba wakati wa kuvuta, kona ya waya haipaswi kuwa na nusu kipenyo pungufu ya mara 20 ya unene wa waya, na baada ya kufungwa isiwe pungufu ya mara 10. Kwangu waya umekunjwa pembe kamili kwenye ubao wa fishabodi, kisha ukapigiliwa klipu ya msumari juu ya kona hiyo hiyo hadi ganda likabonyea.

Kutoka upenuni kwenda ndani wameunganisha waya mweupe, ule wa kutumika ndani ya nyumba. Waya wa nje una ganda jeusi la polithini lililochanganywa na kaboni ili lihimili jua, ilhali ganda la waya wa ndani halikutengenezwa kwa jua la Tanga, na hivi sasa limeanza kupauka na kupasuka karibu na dirisha. Maungio ya nyaya hizo mbili hayakuwekwa ndani ya boksi la kuungia lisilopitisha maji. Yamezungushiwa tepu nyeusi ya umeme na kuachwa yakining'inia chini ya bati, mahali maji ya mvua yanapodondokea. Tundu la ukutani limetobolewa likiinamia ndani, na waya hauna mkunjo wa kushuka chini kabla ya kuingia, ule unaoyafanya maji yadondoke nje. Kwa hiyo masika yote maji yamekuwa yakitiririka juu ya waya hadi ndani ya ukuta. Upepo wa kusi nao unauyumbisha waya na kuusugua kwenye ncha ya bati. Klampu iliyofungwa nguzoni ni ya chuma cha kawaida kisicho na kinga, na kwa hewa yetu ya chumvi imekwisha kuota kutu.

Kuna siku alikuja fundi wenu mwingine, kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake, na nadhani yaliyotokea siku hiyo yangetosha kuwafunga midomo wanaodai kwamba kosa ni la ruta. Alichomoa waya kwenye kifaa akaupima kwa mita ya mwanga, mita ikaonyesha hasi 29 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga ambacho namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga ni hafifu zaidi. Vifaa vya GPON, mfumo wa kugawa intaneti ya faiba kwa wateja, vya daraja mnalotumia, B+, vinahitaji mwanga usiopungua hasi 27 dBm, kwa hiyo kusoma hasi 29 ni sawa na kutokuwa na huduma. Nikamwonyesha akiba ya waya iliyoviringishwa na kukazwa kwa vifungo vya plastiki nyuma ya meza, kitita chenye upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Kwenye ganda la waya huo yameandikwa maandishi G.652D, aina ya uzi wa kioo ambayo kipimo chake cha kupinda hufanywa kwa nusu kipenyo cha milimita 30. Ipo aina ya G.657A2 inayovumilia hadi milimita 7.5, lakini hiyo siyo mliyonifungia. Fundi alikata vifungo vile, akakifungua kitita polepole kwa mikono miwili huku mimi nimeshika mita, na namba zikaanza kupanda mbele ya macho yetu hadi hasi 25. Hakuwa amegusa ruta wala mtambo. Aliniambia kwa masikitiko kwamba hakupewa waya mwingine wala boksi, akaandika taarifa yake na kuondoka. Naomba taarifa hiyo itafutwe isomwe.

Sina kinyongo na kijana huyo. Ninaowalalamikia ni wale waliomtangulia, na zaidi uongozi uliowatuma bila vifaa na bila msimamizi. Mmoja wao aliifuta ncha ya konekta kwenye shati lake kabla ya kuichomeka. Njia ya mwanga katikati ya uzi wa kioo ina upana wa takribani maikromita 9 tu, na chembe ya vumbi au mafuta ya ngozi inatosha kuizuia. Ncha hiyo husafishwa kwa kitambaa maalumu kisichoacha nyuzi pamoja na spiriti.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni la usalama. Fundi huyo huyo alimwita mpwa wangu, mtoto wa shule ya msingi, amsaidie kuchungulia kwenye ncha ya waya kama mwanga unapita. Mwanga wa leza unaoshuka kwa mteja ni wa urefu wa wimbi wa nanomita 1490, hauonekani kwa macho ya binadamu, na anayechungulia hawezi kujua kama jicho linapigwa au halipigwi. Walipomaliza, vipande vya nyuzi za kioo walivyovikata viliachwa sakafuni mahali watoto wanapopita miguu mitupu. Kipande cha kioo chenye unene wa maikromita 125 kikiingia kwenye ngozi hakionekani kirahisi wala hakitoki kirahisi. Mafundi wa faiba wanapaswa kuwa na kopo la kutupia mabaki hayo, na hawa hawakuwa nalo. Vilevile, waya wenu wenye uzi wa chuma umelalia waya wa umeme unaoingia dukani. Hilo ni la hatari na halipaswi kusubiri zamu ya matengenezo ya kawaida.

Kwa sababu hizo naomba kwanza waya huo utenganishwe na waya wa umeme mara moja. Baada ya hapo ninahitaji uvutwe waya mpya wa nje kutoka nguzoni hadi ndani ya duka, ukiwa mzima bila kiungo cha njiani, wenye uzi wa aina ya G.657, ukishikiliwa na klampu zisizoshika kutu na kuepushwa na bati na mwembe. Kazi ikikamilika, laini ipimwe kwa OTDR, kifaa kinachoonyesha mahali mwanga unapopotelea ndani ya waya, katika nanomita 1310 na 1550, kwa maana kona iliyobanwa hupoteza mwanga mwingi zaidi kwenye 1550 na hapo haifichiki, kisha nipewe nakala ya vipimo hivyo. Ninaomba pia nirejeshewe malipo ya vipindi ambavyo sikuwa na huduma. Rekodi za kukatika ziko kwenye mtambo wenu na hamhitaji kutegemea maneno yangu.

Majirani zangu kadhaa wamefungiwa na mafundi wale wale, na waya wa mmoja wao unakatiza barabara chini kiasi cha kuguswa na malori ya mizigo. Naomba atakayekuja kwangu aipitie mitaa hiyo pia.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi lenye tarehe ya kazi na jina la msimamizi atakayehusika. Nisipolipata, nitawasilisha lalamiko hili kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na picha nilizopiga na nakala ya barua hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu,
Ngamiani, Tanga.