Mnachukua ada, taka mnatuachia: barua kwa kampuni ya uzoaji taka

Kamati ya Usafi,
Kitongoji cha Sokoni,
Mamlaka ya Mji Mdogo,
Mkoa wa Morogoro.

10 Februari 2025

Meneja,
Kampuni ya Usafi na Uzoaji Taka,
Mzabuni wa Mji Mdogo.

YAH: KUTOZWA ADA BILA TAKA KUZOLEWA, NA TAKA KUMWAGWA KORONGONI NYUMA YA SHULE YA MSINGI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kamati ya usafi ya kitongoji hiki, na ni mama lishe mwenye kibanda ubavuni mwa soko. Nakuandikia kwa niaba ya wakazi na wafanyabiashara waliokubaliana kwenye kikao, ila mengi ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Ada yenu inakusanywa bila kukosa. Kila mwanzo wa mwezi kijana wenu anapita na mashine ya risiti, nyumba kwa nyumba, genge kwa genge. Kaya ni shilingi 2,000, kibanda cha chakula kama changu ni 10,000, na asiye nacho siku hiyo anaandikwa jina na kuambiwa atapelekwa kwa mtendaji. Sisi hatukatai kulipa. Gari linahitaji mafuta na vibarua wana watoto wa kulisha, hilo tunalielewa. Mwaka jana tulipotangaziwa kwamba kazi ya kuzoa anapewa mzabuni, wengi wetu tulifurahi, maana trekta la halmashauri lilikuwa halimalizi mwezi bila kulala gereji. Leo tunalikumbuka trekta lile.

Ratiba mliyobandika kwenye ubao wa ofisi ya kitongoji inasema gari litapita Jumanne na Ijumaa. Desemba lilikuja kwa kusuasua. Tangu mwaka uanze, wiki inakatika na nyingine inafuata. Likija, linaishia barabara ya lami, kwenye maduka na nyumba za kulala wageni, halipandi huku juu kwenye njia za vumbi ambako ndiko wengi wanaishi na ndiko mashine yenu inapanda bila shida. Wakazi wa huku wanaambiwa washushe viroba barabarani wenyewe. Wanavishusha, gari halifiki, usiku mbwa wanavipasua, na asubuhi mwenye nyumba ya pale chini anaamka na pampasi, maganda na majivu ya watu wengine mlangoni kwake. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi sasa wanapitana bila salamu kwa sababu ya taka ambazo zimeshalipiwa.

Wiki iliyopita kijana wa mashine alifika kwa jirani yangu, mama mjane anayekaanga maandazi. Nilikuwepo. Kando ya mlango wake palikuwa na viroba vinne vya salfeti vimepangwa kimoja juu ya kingine. Cha chini kilikuwa kinavuja maji meusi, na kwenye mshono wake funza walikuwa wanatoka na kupanda ukutani. Kijana alisimama pembeni, mkono mmoja ameziba pua, mwingine unabonyeza. Risiti ikatoka. Mama yule akaipokea, akamuuliza, “Mwanangu, na hizi?” Akajibiwa, “Mama, mimi ni wa makusanyo. Wa gari ni wengine.” Simlaumu kijana, naye katumwa. Lakini kwako wewe Meneja, wa makusanyo na wa gari wote ni wako, na mkataba mliosaini ni mmoja.

Pale sokoni hali ni mbaya zaidi. Kizimba cha taka kimejaa hadi kimemwagikia njiani, na msimu huu wa nyanya kila jioni zinaongezeka zilizooza, juu yake kabichi, juu yake matumbo ya samaki. Hatua chache kutoka hapo wanawake wamepanga mchicha na dagaa chini kwenye maturubai. Mimi nafunika sufuria, nafunika sahani, nafukiza mkaa, na bado inzi wanatua kwenye kijiko cha mteja akiwa amekishika. Abiria wa mabasi waliokuwa wakishuka kula kwetu sasa wanapunga mkono dirishani na kuondoka. Na mteja ni jambo dogo. Wenye umri wangu wanakikumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani. Mama lishe ndio tuliofungiwa biashara wa kwanza. Ugonjwa ule hauulizi nani alilipa ada na nani hakulipa.

Sasa nije kwenye lililotufanya tuache kupiga simu, tuandike barua hii. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliyechaguliwa Novemba 27 mwaka jana, amewapigia mara nyingi. Simu inaita, haipokelewi, au anaambiwa gari liko safari ya dampo. Tulitaka kujua hiyo safari ya dampo ni ipi. Dampo la mji liko mbali, njia yake ni mbovu, na kulifikia kunakula mafuta. Korongo lililo nyuma ya shule ya msingi liko karibu. Mlinzi wa shule ameliona gari lenu likirudi kinyumenyume hadi ukingoni usiku, taa zimezimwa, likainua bodi na kumwaga. Tulipokwenda na mwenyekiti na mwalimu wa zamu, alama za matairi mapana zilikuwa bado mbichi kwenye udongo, na juu ya rundo vilikuwepo viroba vyenye jina la kampuni yenu, vile vile mnavyotuuzia sisi.

Naomba usome hapa taratibu. Ndani ya rundo lile, kati ya maganda na chupa za plastiki, tulikuta mabomba ya sindano yenye sindano zake, na vichupa vya dawa vilivyopasuka. Sijui vimetoka duka gani wala zahanati gani, na siwezi kumsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba taka za namna hiyo hazitakiwi kuchanganywa na za nyumbani, zinatakiwa kuchomwa kwenye tanuru lake, na gari lililozimwaga pale ni lenu. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanapita ukingo ule kwenda na kurudi. Wanaokota vifuniko vya chupa vya kuchezea, na wengi wamevaa kandambili. Mwalimu alimkuta mmoja ameshika bomba la sindano, analijaza maji na kurushia wenzake.

Masika iko mlangoni. Machi mvua zikianza, korongo lile kavu linageuka mto kwa saa moja, na kila kilicholala humo kitateremka. Karavati la barabara litaziba kwanza, nyumba za bondeni zitaingiliwa na maji. Yatakayopita yataingia mto unaomwaga maji kwenye Mto Wami, na Wami ndiko yanakovutwa maji ya bomba ya watu wa Chalinze. Zile sindano hazitaishia kwetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo imeziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na halmashauri ikawapa ninyi kazi ya kulitekeleza, kwa fedha zetu. Kwa hiyo tusiambiwe tena kwamba malalamiko tuyapeleke halmashauri. Nakala wamepata. Lakini aliyepokea fedha na aliyemwaga taka ni ninyi, na jibu tunalitaka kwenu.

Neno moja kuhusu vibarua wenu, maana nao ni watu wa mji huu. Wale wanawake wanaofagia stendi alfajiri hawana glovu wala barakoa, wanazoa taka kwa mikono. Vijana wa kwenye gari wanakanyaga juu ya taka kwa ndala. Wawili wanaokunywa chai kwangu wameniambia malipo ya Desemba hawajayaona. Baada ya kukuta sindano pale korongoni, kila nikimwona mmoja anaingiza mkono kwenye kiroba moyo wangu unaruka. Kama ada yetu haifiki kwenye gari, na haifiki kwa anayezoa, tunaomba mtuambie inafikia wapi.

Wakazi wameazimia hivi. Ada ya Februari tutailipa gari likishapita huku juu, si kabla, na ada ya Januari kwa kaya ambazo hazikuzolewa hata mara moja tunaomba ihesabiwe kuwa ya Februari. Risiti tunazo na orodha iko kwa mwenyekiti. Hatuhitaji ahadi mpya ya siku mbili kwa wiki ikiwa uwezo ni siku moja. Mkisema siku moja, iwe siku moja kweli, na kwenye njia ambazo lori halipandi tumieni guta, vijana wenye maguta wapo hapa na wanatafuta kazi. Kizimba cha soko hakiwezi kungoja wiki, kile kizolewe kila jioni baada ya soko kufungwa.

Korongo ni jambo la kwanza kabla ya yote. Taka zile ziondolewe zote na zipelekwe dampo mchana, watu wakiona, kabla mvua hazijaanza. Sindano na vichupa viokotwe na watu wenye vifaa, chini ya macho ya afisa afya, si vibarua wenye mikono mitupu. Isipofanyika, tutaipeleka barua hii NEMC, baraza la taifa la mazingira, pamoja na picha tulizopiga na maelezo ya mlinzi.

Jumamosi ya tarehe 22 Februari ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi. Wakazi tutakusanyika shuleni saa 1 asubuhi na majembe, makoleo na reki, tusafishe njia ya watoto na mtaro hadi kwenye karavati. Chini korongoni hatutashuka, hiyo ni kazi yenu. Leteni gari, na uje wewe mwenyewe, Meneja. Njoo na nakala ya mkataba na ratiba mnayoweza kuitimiza, tuisome pamoja mbele ya watu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Usafi, Kitongoji cha Sokoni.

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya
Afisa Mtendaji, Mamlaka ya Mji Mdogo
Diwani wa Kata
Afisa Afya wa Kata
Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi
Mwenyekiti wa Kitongoji