Barua ya malalamiko: risiti inasema nyererei, tangi linasema chotara

Walukuba, Jinja
2 Desemba 2024

Kwa Meneja,
Duka la samaki wa mapambo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: SAMAKI SITA NILIOUZIWA TAREHE 9 MACHI 2024

Salaam. Jumamosi hiyo nilifika dukani kwenu nikanunua samaki sita, madume mawili na majike manne, kwa shilingi 45,000 kila mmoja. Jumla 270,000. Risiti yenu inawaita Pundamilia nyererei, aina moja ya samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na pembeni yake kijana aliyenihudumia akaongeza neno "safi" kwa kalamu, baada ya mimi kumuuliza mara mbili. Samaki hao ni chotara. Mbaya zaidi, kabla sijalijua hilo, nilikuwa nimeshawachanganya na uzao nilioutunza kwa miaka sita.

Haki yenu niwape kwanza. Kufungasha mnajua. Mifuko ilikuwa miwili miwili, hewa ya kutosha, kila samaki na mfuko wake, na kutoka paki ya zamani ya taksi hapo Kampala hadi Jinja, pamoja na foleni ya Mukono, hakufa hata mmoja. Lalamiko langu haliko hapo.

Naandika kwa kirefu kwa sababu nilipopiga simu mwezi uliopita niliona wazi kwamba aliyepokea hajui samaki hawa wanazaana vipi, na wewe huenda unaletewa habari kwa mkato. Mimi ni mstaafu wa kiwandani. Chumba changu cha mbele kina matangi saba, na mke wangu hachoki kunikumbusha kwamba wageni wetu sasa hukaa uani. Nkejje, jamii ya samaki wadogo wa ziwani ambamo nyererei naye yumo, ndio samaki wangu. Wengine hapa mtaani hunicheka kwa kufuga samaki ambaye wao wamezoea kumwona amekaushwa kwenye vijiti sokoni, lakini dume la nyererei akishavaa rangi zake, mgongo mwekundu kama pilipili mbivu, mbavu za manjano, mistari myeusi imeshuka ubavuni, hao hao wanaocheka huvuta kiti.

Nilikuja kwenu kutafuta damu mpya. Samaki wangu wote walitokana na wanane tu, na baada ya miaka sita ya ndugu kuzaa na ndugu, vifaranga walianza kutoka na migongo iliyopinda, na majike waliokuwa wakitema vifaranga thelathini wakawa wanatema tisa, kumi. Mliposema mna nyererei wa asili nyingine kabisa, nilipanda taksi asubuhi ya pili yake.

Nilifanya inavyopasa. Wageni walikaa peke yao wiki nne kwenye tangi la pembeni, maji ya bomba nikiyalaza ndooni usiku na mchana ili klorini iondoke kabla ya kuyatumia. Nilipoona hawana ugonjwa, dume mmoja nikampeleka kwa majike wangu watano wa zamani. Dume wa pili nikamwacha na majike wenu wanne. Namshukuru Mungu kwa uamuzi huo wa pili, maana ndio ushahidi wangu leo.

Huyu samaki hulea mdomoni. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi lake la chini, karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike akitaga huyaokota mayai yake papo hapo, halafu huyafuata na yale madoa akidhani ni mengine aliyoyasahau, na dume anamwaga mbegu zake hapo hapo mdomoni pake. Baada ya hapo jike hali kitu kwa wiki mbili hadi tatu. Koo linavimba, anajibanza nyuma ya mawe, na wewe unahesabu siku kama mkunga. Mapema mwezi wa Mei majike wawili wa zamani na mmoja wa kwenu walitema. Migongo yote imenyooka! Jike mmoja alitoa vifaranga ishirini na saba, nikajiambia pesa imefanya kazi.

Rangi huchelewa kuliko migongo. Vifaranga wa nkejje wote ni wa kijivu, na madume huanza kujitokeza wakiwa na miezi minne au mitano. Kufikia Oktoba, kwenye tangi la samaki wenu watupu, ambalo hakuna samaki wangu hata mmoja aliyeingia, nilikuwa na vijana wa mdomo mmoja wenye sura tatu. Wengine wana wekundu hafifu kwenye pezi la mgongo tu, mbavu za kijivu. Wengine wana ubuluu wa chuma kama yule ndugu yao anayeitwa Pundamilia pundamilia. Watatu hawafanani na chochote ninachokijua, mistari imekatika katikati na kifua kina rangi ya matope. Samaki safi hazai hivyo. Mchanganyiko wa namna hii hutoka kwa wazazi ambao wenyewe wamechanganyika.

Tangi la majike wangu hali ni ile ile, ila sura ni mbili.

Nilirudi dukani kwenu tarehe 26 Oktoba kutazama nilipokosea. Tangi la nyererei lilikuwa na aina tatu za nkejje pamoja, labda nne. Majike wa samaki hawa wanafanana mno, hata mwenye macho yangu akiwachota kwa kimia hawezi kuapa huyu ni wa nani. Na juu ya tangi mmefunga taa za waridi zinazomfanya kila dume aonekane mwekundu. Nyumbani kwangu, kwenye mwanga wa dirisha, wale madume wawili walikuwa wamefifia tangu siku ya kwanza. Nilipouliza nikaambiwa ni uchovu wa safari, watarudi. Nilikubali, na hapo kosa langu nalikiri: mtu wa umri wangu hakupaswa kununua mbuzi kwenye gunia kwa sababu gunia lina taa nzuri.

Lakini taa hiyo ina ubaya mwingine zaidi ya kudanganya wateja. Jike wa nkejje humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yanapochafuka na mwanga ukapungua, rangi hupotea na mipaka kati ya aina na aina huanza kufutika. Majaribio ya matangini yalionyesha vilevile kwamba chini ya mwanga wa rangi moja jike wa nyererei hamtofautishi tena dume wake mwekundu na yule wa buluu. Ninyi mmewaweka pamoja, mkawazimia mwanga wa kweli, kisha watoto wao mkawauza kwa jina la mmoja wao.

Jina lenyewe si la kuchezea. Samaki huyu alielezwa mwaka 1985 kutoka upande wa Mwanza na akapewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Najua hapa Uganda jina hilo lina wanaolipenda na wasiolipenda, tangu vita vya 1979 vilivyomng'oa Idi Amin, na siingii huko. Ninachosema ni kwamba nililipia jina hilo shilingi 45,000 kwa kila samaki, wakati chotara kwenye tangi lenu la kona mnawauza 8,000.

Sasa nije kwenye jibu lenu. Nilituma picha kwa WhatsApp tarehe 28 Oktoba. Baada ya siku nne nikajibiwa: "Mzee, samaki ni samaki. Kama huwataki wamwage tu mtoni." Mto ninaoishi karibu nao ni Nile, unapotokea ziwani. Ndugu Meneja, nimekula sangara maisha yangu yote na sitajifanya simpendi, lakini alimwagwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na watu waliodhani samaki ni samaki, na aina nyingi za nkejje zikaisha kabla hata hazijapewa majina. Zipo ambazo leo zinaishi kwenye matangi ya watu tu. Mfanyakazi wa duka la samaki akimwambia mteja amwage chotara mtoni, ameniudhi kuliko ile hasara yenyewe.

Sijamwaga hata mmoja. Wako sitini na wawili, wamejaza matangi mawili, wanakula, na wataishi mpaka wafe bila kuzalishwa. Wachache nimewapa watoto wa jirani, na kwenye kioo nimebandika karatasi: CHOTARA. Uzao wangu wa zamani umebaki kwa bahati tu, kwa sababu mwaka juzi nilimpa mwalimu mmoja wa Bugembe dume na majike wawili. Nitaanza upya na hao, pamoja na migongo yao iliyopinda.

Ninachodai ni shilingi 270,000 zangu. Nauli, umeme na miezi tisa sitaviandikia ankara. Nataka pia lebo ya tangi lile ibadilishwe iseme ukweli, na wote waliouziwa nyererei kutoka tangi hilo mwaka huu wapigiwe simu, maana namba zetu mnaziandika kwenye risiti. Huenda kuna mwingine huko Mbarara au Entebbe ambaye vifaranga wake bado ni wa kijivu na hajajua. Na yule kijana aambiwe, kwa upole, kuhusu mto.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitakwenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, usiohitaji wakili na unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Langu halifiki hata theluthi ya milioni moja, lakini mstaafu ana nafasi ya kukaa benchini.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha kumi na moja zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, na ule ujumbe wa WhatsApp. Madume wenu wawili bado ninao, wakihitajika kukaguliwa. Mkituma mtu, aje baada ya alasiri. Asubuhi huwa nabadilisha maji.

Mteja wenu,
Mfugaji wa nkejje,
Walukuba, Jinja.