Zebaki: na samaki wetu wa mwaloni je?

Ndugu Mhariri,

Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa sababu ya uvuvi wa sumu, minofu ya kuuzwa nje imekuwa ikipimwa. Mimi naulizia samaki tunaonunua wenyewe mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza.

Wachimbaji wadogo wa Geita hunasia dhahabu kwa zebaki. Ikifika ziwani, bakteria huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka kwa viumbe wadogo hadi kwa sangara, ikaganda kwenye nyama yenyewe. Ukaange, ukaushe, haitoki. Tena sangara mkubwa, yule tunayemgombania, kwa kawaida ndiye anayebeba zaidi.

Kwa hiyo kupima mara moja na kutangaza "samaki ni salama" hakutoshi. Wapimwe samaki wa urefu uleule, eneo lilelile, mwaka hadi mwaka. Marekani na Kanada hufanya hivyo kwenye maziwa yao tangu miaka ya 1970, ndiyo maana wanajua sumu ipi inapungua.

Na majibu yasiishie kwenye mafaili. Yabandikwe mwaloni, karibu na mizani, kwa Kiswahili.

Mla samaki,
Mwanza