Barua kwa Nyambura: aliyeanzia Kenya akafia Malaya

Kuala Lumpur

Dada Nyambura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mvua ya huku inatuandama kila jioni na nguo hazikauki. Najua umeninunia. Ujumbe wako niliuona tangu Februari, nikasema nitajibu nikitulia, na kutulia kwenyewe sijakuona mpaka leo. Shosho anaendeleaje? Presha imeshuka? Mwambie mjukuu wake wa Mombasa anamwamkia.

Swali lako halikunitoka kichwani. Uliuliza: wale Waingereza waliowang'oa kina shosho kwenye mashamba yao mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, wakawarundika kijijini na handaki lenye miti iliyochongwa, wazo hilo walilitoa wapi? Jibu fupi ni kwamba walilitoa huku niliko, Malaya ya zamani, Malaysia ya leo. Jibu refu lilinipata wiki jana tulipopelekwa Fraser's Hill na wenzangu wa kazini.

Barabara ile usiiombe. Kutoka Kuala Kubu Bharu ni kona juu ya kona, msitu umekuinamia upande huu na upande wa pili ni bonde, na mimi mfuko wa plastiki mkononi njia nzima, wanaoniangalia wakicheka. Mahali fulani dereva, mzee wa Kimalay, akapunguza mwendo akasema hapa ndipo alipouawa Gurney, mtawala wa Kiingereza wa Malaya. Wenzangu walikuwa wanatafuta nyani wa kupiga picha. Mimi jina lile nilishalisoma kwa ajili ya swali lako, nikasahau hata kichefuchefu.

Sir Henry Gurney alizaliwa Cornwall mwaka 1898, na kazi ya ukoloni unajua alianzia wapi? Kenya! Aliingia 1921, bwana mdogo wa wilaya, na sehemu kubwa ya ujana wake aliila kwetu, hadi akawa mkubwa katika ofisi ya mkutano wa magavana wa Afrika Mashariki. Mwaka 1944 wakampeleka Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1946 Palestina, Katibu Mkuu wa serikali. Waingereza walipofunga virago kule Mei 1948, inasimuliwa aliulizwa funguo za ofisi atamkabidhi nani, akajibu ataziacha chini ya zulia la mlangoni. Nicheke au nilie, sijui. Na Palestina yenyewe ndiyo hii tunayoiona kwenye taarifa ya habari kila usiku.

Oktoba mwaka huohuo akaletwa Malaya kuwa Kamishna Mkuu. Aliyemtangulia, Gent, alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege mwezi Julai, na vita na wakomunisti vilikuwa vimeanza Juni. Wapiganaji wengi walikuwa Wachina, na waliowalisha ni Wachina maskini waliolima kandokando ya msitu bila hati ya ardhi. Serikali yake ikajipa uwezo wa kukamata kijiji kizima kwa mpigo, na maelfu wakapakiwa melini kurudishwa China. Desemba 1948, yeye akiwa na miezi michache tu kazini, askari wa Kiingereza waliwaua watu 24 wasio na silaha kule Batang Kali. Mwaka 1950 akaja Jenerali Briggs na mpango wake: hamisha watu wote wa pembezoni, wajengee vijiji vipya, zungusha waya wa miba, weka lango, piga marufuku kutoka usiku, chakula kwa mgao. Watu wapata nusu milioni, Nyambura. Mahali pengine hata wali ulipikwa jiko moja, mtu asije akaficha mchele mkavu akampelekea ndugu yake msituni.

Sasa turudi kwenye kona, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1951, Gurney anapanda mlimani kupumzika, yeye na mkewe na katibu wake, ndani ya Rolls-Royce yenye bendera. Wapiganaji wa kikomunisti, chini ya kamanda wao Siew Mah, walikuwa wamejilaza pale siku mbili wakisubiri msafara wa jeshi, shida yao ni bunduki. Hata hawakujua ni nani anayekuja. Risasi zikamwagika, dereva akafa. Gurney akafungua mlango, akashuka, akaufunga, akatembea kuelekea zilikotoka risasi. Akaangushwa palepale. Mke na katibu, waliolala chini ndani ya gari, walipona.

Akaufunga mlango! Nataka kumchukia vizuri, na mlango ule unanizuia. Mwenzangu mmoja, Mchina wa hapa, nilipomwambia alinitazama tu, akasema bibi yake naye alikuwa na mlango, ukachomwa pamoja na nyumba. Sikuwa na la kujibu.

Wanaomtetea husema alikataa utawala wa kijeshi, akataka polisi na mabwana wilaya ndio waongoze. Ni kweli alikataa. Lakini shosho naye si alihamishwa na DC na chifu, karatasi zikiwa safi kabisa? Hapo mimi naona ndipo ubaya ulipo, sijui wewe.

Baada yake mambo yakarudi kwetu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimtuma afisa wake Askwith kuja kuangalia wanavyofanya huku. Mwaka 1954 akaletwa Arthur Young, aliyekuwa mkuu wa polisi Malaya, naye akajiuzulu kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuwa hakuachiwa kuwashtaki waliokuwa wakipiga na kuua watu. Kati ya mwaka huo na uliofuata watu zaidi ya milioni moja wa kwenu, Wakikuyu, walikuwa wamerundikwa kwenye vijiji kama hivyo. Na Kamishna Mkuu wa mwisho wa Malaya, MacGillivray, kazi alianzia Tanganyika, na alipostaafu akaja kukaa Kenya! Walikuwa wakipokezana kama walimu wa zamu.

Vijiji vya huku vingine vipo hadi leo. Jinjang, hapahapa mjini, ni kimojawapo. Waya haupo, kuna treni na migahawa, watu wanaendelea na maisha yao.

Sasa nakuomba, kabla shosho hajachoka zaidi, muulize haya na umrekodi. Waliruhusiwa kuvuna kwanza, au nyumba zilichomwa chakula kikiwa shambani? Nani alikaa langoni, mtu wa kwao au mgeni? Lilifunguliwa saa ngapi? Nani alichimba lile handaki, na wenye watoto mgongoni walisamehewa? Anamkumbuka DC kwa jina? Ukiona anakasirika, acha, usimlazimishe. Simu yako bado inajaa, au nikutumie hela ununue kadi ya kumbukumbu? Na Achieng alijifungua salama? Yule fundi wa paa alirudi, au ndiyo kashakula pesa zenu? Nijibu hata kwa sauti, nitasikiliza nikienda kazini.

Wako,
Mwanaisha