Kivinjari kizima kwa ajili ya ankara?

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza utumie maktaba gani kugeuza ankara za HTML kuwa PDF kwenye seva yenye RAM ya GB 1. Kwanza zima JavaScript, kisha ufungue ukurasa wa ankara. Kama kila kitu bado kinaonekana, ankara haihitaji JavaScript, basi usipakie kivinjari kwenye seva hiyo.

Chukua WeasyPrint, maktaba ya Python. Haiendeshi JavaScript kabisa, ila CSS ya kuchapia inaijua vizuri: @page yenye size: A4, namba za kurasa kwa counter(page), na vichwa vya jedwali vinavyojirudia kila ukurasa ukiviweka ndani ya thead. Pip, kisakinishi cha Python, peke yake haitoshi, maana WeasyPrint inategemea Pango, maktaba ya mfumo inayopanga maandishi. Kwenye Debian weka libpango-1.0-0, libpangoft2-1.0-0 na libharfbuzz-subset0, la sivyo itagoma mara tu unapoiita. Udhaifu wake ni majedwali marefu: mistari ikifika maelfu, inakwenda polepole na kula RAM. Ripoti za namna hiyo zigawe.

Ukibaki na PHP, maktaba yake ya Dompdf inatosha, lakini imejengwa juu ya CSS 2.1. Flexbox na grid, mbinu mpya za CSS za kupanga ukurasa, zisahau, panga kwa jedwali kama zamani.

Chati zinazochorwa na JavaScript ndizo pekee zinazohalalisha kivinjari cha Chromium kupitia Puppeteer, maktaba ya kukiendesha kwa msimbo, na hapo GB 1 itakubana. Ndani ya kontena la Docker, /dev/shm (kumbukumbu ya pamoja) huwa na MB 64 tu kwa kawaida, kwa hiyo Chromium huanguka ghafla kurasa zikiwa nzito, ongeza --disable-dev-shm-usage. Andika format: 'A4', maana isipotajwa hutoka karatasi ya Letter ya Kimarekani, na printBackground: true, vinginevyo rangi za vichwa hupotea. Fungua kivinjari kimoja, kila kazi ipewe ukurasa wake, ufungwe ndani ya finally hata kosa likitokea. Kazi nyingine zisubiri foleni. Na kivinjari usikiendeshe kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote: ndiyo inayowalazimisha watu kuweka --no-sandbox, yaani kuzima ulinzi wake.

wkhtmltopdf, programu ya zamani ya kazi hii hii, utaikuta imependekezwa kila mahali. Achana nayo kwa kazi mpya. Injini yake ni WebKit ya kale, na hazina yake ya msimbo ilifungwa 2023.

Vyovyote utakavyochagua, fonti zisafiri na mradi kwa @font-face. Kontena nyepesi huja karibu bila fonti, ndiyo maana maandishi hugeuka visanduku.

Halafu jina la mteja. Akiandika iframe (fremu ya kuingiza ukurasa mwingine) inayoelekea file:///etc/passwd, faili la watumiaji wa seva, na wewe ukaiingiza ilivyo, unaweza kumchapia siri za seva yako. Safisha kila anachoandika, na uzuie maombi ya mtandao wa ndani. Kwenye WeasyPrint kuzuia huko hufanywa kwa url_fetcher.

Nitumie HTML na CSS ya ankara yako ndefu kuliko zote. Ya mistari mitatu haitatuonyesha kitu.

Wasalaam,
Rafiki yako